Dakika ya Sabini na Moja

Mzee Aminieli Mtui huja dukani asubuhi,
kabla sijapangusa vumbi kwenye mashine ya kurudufu,
makaratasi kwapani, yamefungwa kwa mpira wa kaptula.
"Nipigie chapa, Apaikunda. Usinisahihishe."
Nami humsahihisha.

Kwanza kilikuja kitabu cha mifongo:
maji yanavyoteremka kutoka msituni hadi migombani,
nani alichimba, nani alikosana na shemeji yake
kwa zamu ya Alhamisi usiku.
Kurasa mia mbili, na mpira haumo hata mmoja.
Kisha riwaya: mwonja kahawa kauawa ghalani,
kijiko kingali mkononi.
Kisha cha watoto, mbega anayeogopa kimo.
Kisha maisha ya mama aliyeshona nyavu za magoli
na hakuwahi kukaa jukwaani.
Kisha mauaji tena.

Watu wa Kiusa huniuliza:
huyu si yule wa gazeti, wa ukurasa wa mwisho?
Ndiye. Miaka ishirini na sita ya mtanange,
ya kabumbu safi, ya nyavu kutikisika;
Jumapili mechi, Jumatatu gazeti,
Jumanne watu wanafungia maandazi.
Sasa anaandika kila kitu,
kama mtu aliyepoteza nyumba
akabaki anajaribu ufunguo kwenye milango ya mtaa mzima.

Lakini vidole husoma kuliko macho.
Mwonja kahawa ana miaka sabini na moja.
Mbega anahesabu matawi, anafika sabini na moja,
anafumba macho.
Na kila kitabu, hata cha maji,
kina mtu mmoja aliyeinama
wakati jambo lenyewe linatokea.

Nilimuuliza. Akatazama mlima,
ambao siku hiyo haukuwapo.

Julai, baridi ya kukunja vidole,
akaleta ukurasa mmoja, wino wa buluu.

*Masahihisho. Niliandika kwamba kipa Zuberi Mfinanga
aliuachia mpira kama mtu mwenye sabuni mikononi.
Sikuona. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu.
Niliposikia kelele nilimuuliza jirani yangu,
naye alikuwa shabiki wa wale wengine.
Mpira ulimgonga beki begani, ukageuka.
Wiki ile ile nililiambiwa na watu wanne.
Nikaandika habari za ndondi.*

"Nililiambiwa" nikaifanya "niliambiwa".
Mengine sikugusa.

Gazeti lile limekufa. Ofisini kwake wanauza vigae.
Basi nikatoa nakala, nikabandika moja moja
nyuma ya kila kitabu kilichobaki rafuni,
nyuma ya mifongo, nyuma ya mbega.
Wanunuzi wakadhani ni sehemu ya hadithi.
Mwalimu mmoja akarudi kuuliza kama kuna sehemu ya pili.

Nakala ya mwisho nikaipeleka mwenyewe Njoro,
Mfinanga anakouza miche ya parachichi.
Watoto wa pale humwita Babu Sabuni;
hawajui kwa nini, wanadhani aliwahi kuiuza.
Miwani hana. Nikamsomea nimesimama,
yeye anamwagilia, mche baada ya mche,
hakuruka hata mmoja.
Nilipomaliza alifunga bomba.

"Kiatu gani?"
Sikumwelewa.
"Cha kulia au cha kushoto? Kamuulize."

Akajifuta kwenye suruali mikono ile mipana,
akaipokea karatasi kwa yote miwili,
juu kidogo, karibu na kifua,
akakaa nayo.

"Na ile ya mwonja kahawa," akasema, "imebaki?
Mke wangu atanisomea.
Usiniambie muuaji ni nani."