Sinia la Karafuu

Umekuja mpaka Limbani kwa baiskeli,
begi la vidude mgongoni,
unataka kujua nyuzi gani, amplifaya ya wapi,
toni naitoa vipi.
Kaa, Haroub. Si hapo. Hapo pana paka.

Tuanze na nyuzi.
Mpya zinalia kama vijiko ndani ya beseni la karamu.
Zangu bapa, hazina mikwaruzo,
nilizifunga mwaka ule karafuu zilipoozea majamvini kwa mvua,
na sijazigusa ila mara moja,
uzi wa tatu ulipokatika Konde, arusini kwa Bi Mtumwa.
Nikamaliza usiku na nyuzi tatu.
Hapana aliyejua ila mpiga ngoma,
naye alinitazama tu, akacheka.
Watasema nyuzi kuukuu zimekufa.
Haya, zimekufa.
Maiti haropoki.

Waya wako umepakwa dhahabu? Mashallah.
Chumvi ya bandari ya Wete haiulizi bei.
Mie ncha nazisugua kwa ndimu na majivu
kama mama alivyosugua sufuria zake,
na waya ni ule ule, umefungwa utepe mahali saba.

Amplifaya ina balbu nne, zinawaka mbili.
Inaunguruma kabla sijaigusa,
kama mgeni muungwana anayekohoa nje ya mlango
asije akawakuta mmekaa vibaya.
Sanduku alilichonga Shoka Mbarouk kwa mbao za mfenesi.
Akataka kulipaka rangi, tukagombana siku mbili.
Rangi hubana pumzi, nilimwambia.
Mpaka leo akipita hapa haliangalii.

Hivyo vidude vyako vya kuikunja sauti,
vya kuitia mwangwi, vya kuipaka wanja,
sikatai, ni vizuri,
ila sijapata kula sahani ya bizari tupu.
Kipande cha plastiki usinioneshe kabisa.
Kidole. Hiki cha shahada, na jirani yake akichoka.
Na kitufe cha sauti nyembamba, hiki hapa,
nimekitia gundi kwenye sifuri
asije mtoto wa mtu akakizungusha.

Unasema: toni, toni.
Leta sinia, lile la jikoni.
Tia karafuu kavu, kiganja kimoja.
Weka juu ya sanduku. Piga uzi mnene, mtupu.
Zikiruka, umezidisha,
umemfunika mwimbaji, na mwenye arusi hakuiti tena.
Zikilala, hujapiga kitu.
Mie nataka zitetemeke pale pale zilipo,
kama mdomo wa mtu anayejizuia kulia.

Sasa nikwambie nisilomwambia hata Bi Time,
na miaka thelathini tunalala kitanda kimoja.
Sikio la kushoto lilikwenda, mwaka wa kumi na moja huu.
La kulia linapokea simu,
na adhana, upepo ukitaka.
Bendi hawajui. Wanadhani naringa
nikiulaza utaya juu ya pembe ya gitaa
na kufumba macho.
Nasikia kwa mfupa, yakhe.
Kwa paja, kwa meno ya nyuma,
kwa kigae cha sakafu nikivua viatu,
na ndiyo maana navua, si kwamba najifanya mtu wa zamani.

Na nikikushika bega hivi unapopiga
usidhani nakubariki.
Nasikiliza.

Haya, piga.
Umejaza mno, yanguka karafuu.
Punguza. Si kitufe, mkono.
Mkono, nimesema.
Iache noti ikae, usiifukuze kama kuku.
Tena.
Punguza kidogo.

Hapo.
Usiguse kitu.
Paka kafumbua jicho moja,
kalifumba.