Ardhi Mbili

Kibosho, nyuma ya banda la kahawa, saa nne usiku.
Nimechoma sindano mbili za fedha
kwenye shina la mbuni, moja juu, moja chini,
naungoja mti uniambie kiu yake
kwa sauti isiyofika sehemu ya elfu ya volti.

Kinachokuja ni mngurumo.
Mawimbi hamsini kila sekunde, manene, yenye shibe,
yale yale yanayoendesha friji ya Mama Ndeshi
na taa za baa ya njia panda.
Mbuni umo humo ndani,
kama mgonjwa anayenong'ona harusini
kando ya spika.

Nilianza na lawama.
Nikamfuata Kisali kwenye karakana yake:
"Zima hiyo mashine ya kuchomelea."
Akainua kinyago, akazima, akanitazama.
Mngurumo ukabaki.
Nikachomoa friji, chaja, pampu;
nikasokota nyaya kama kamba ya mgomba,
nikazivika foili ya jikoni.
Ukapungua kidogo,
kama mtu anayejifanya amelala.

Usiku wa tatu nikapima nisichokishuku:
ardhi na ardhi.
Nondo niliyopigilia penye mbuni,
na nondo ya nyumba, kule nyuma ya jiko,
hatua ishirini na mbili za udongo uleule mwekundu.
Nusu volti.

Kumbe ardhi ina mteremko
hata pale jicho linapoona tambarare.
Na ngao ya waya wangu, niliyoifunga huku na huku
kwa woga, ili iwe imara zaidi,
ndiyo iliyokuwa mfongo:
umeme wa watu ulishuka humo,
ukarudi kupitia udongoni, ukashuka tena.

Wagawa maji wa huku wangeniambia, ningeuliza.
Mfongo mmoja, banio moja.
Ukifungua pawili, usiku watu hushikana mashati.

Nikachukua koleo, nikakata ncha moja.
Moja tu.
Ikabaki inaning'inia, haina pa kushika,
na ndipo ikaanza kazi.

Mstari ukalala.

Alfajiri zamu yetu ya maji ilifika.
Aikande akazibua banio kwa jembe,
na kabla sijaona shina likilowa
kalamu ikashuka, taratibu,
kama bega la mtu anayetua ndoo.

Ng'ambo ya ua, Kisali alikuwa ameanza geti la mtu,
cheche zinaruka hadi kwenye migomba.
Kalamu haikutikisika.
Sijamwendea bado.
Nina mkungu mmoja unaokaribia kukomaa.