Mstari wa Arobaini na Tatu

Elgoibar, Februari. Mvua ile nyembamba
isiyonyesha wala kukoma
imelala juu ya mabati ya kiwanda,
na Garbiñe anafungua mchoro wa giaboksi, toleo la tisa,
ile ambayo wateja watatu wameirudisha kwa neno moja:
inavuja.

Anahesabu kama ahesabuye watoto
kabla basi la shule halijaondoka.
Kasha, moja. Shafti, mbili. Beringi, nne.
Bolti za milimita nane, ishirini na nne;
washa, ishirini na tatu.

Hapo anasimama.
Kuna bolti imelala bila mkeka.

Kumbe mtu, zamani za toleo la sita,
aliificha washa moja ili picha ipendeze,
na kompyuta, isiyoamini ila kinachoonekana,
ikaifuta orodhani kimyakimya.
Anairudisha. Hesabu inatimia.
Lakini washa haijapata kuzuia mafuta.

Saa nne anashuka karakanani, karatasi mkononi.
Koldobika anapangusa vidole, anaisoma
polepole, mstari kwa mstari,
kama mzazi mbele ya ubao wa matokeo
akilitafuta jina la mwanawe.

"Iñaxio hayumo," anasema.

"Iñaxio si kipuri."

"Si kipuri. Ila kila giaboksi iliyopita mezani pake
miaka thelathini na mmoja
ilitoka na pete ya shaba, nyembamba kama ukucha.
Aliikata kwa mkasi wa mkewe,
akaisukuma chini ya kifuniko kwa kidole gumba.
Hakuna aliyemwagiza. Hakuna aliyemkataza.
Septemba akastaafu, na mkasi akaenda nao."

Mali bila daftari hupotea bila habari;
hii habari ilikuwepo, ilidondoka
tone, tone, kwenye sakafu za watu,
Porto, Zaragoza, Lyon,
na sisi tukalaumu beringi.

Alasiri anaichora pete.
Unene, sehemu mbili za kumi za milimita.
Uzito, gramu tatu.
Mahali pake pa haki ni kando ya kifuniko, nambari kumi na mbili,
lakini hapo nambari zote za chini zitasogea,
maputo yote ya mchoro yatabadili majina,
na watu wa bohari, wenye stika zao kwenye visanduku,
watamlaani hadi Pasaka.
Basi anaiweka mwisho, arobaini na tatu,
mgeni aliyechelewa, akakaa karibu na mlango.

Malighafi: shaba. Idadi: moja.
Jina: anaandika *Iñaxio*.
Mfumo unaikataa ile ñ.
Anaandika *Inaxio*, anamwona mtu mwingine kabisa,
anafuta. *Pete ya kuzibia.*

Inabaki safu ya maelezo, ile isiyochapwa,
ambayo hakuna aliyewahi kuijaza.
Anaangalia mlangoni, kisha anaandika:
*Mkiwa na shaka, kamuulizeni. Yu hai.
Ng'ambo ya mto, ghorofa ya tatu,
kengele haifanyi kazi, bisheni hodi.*