Mtu wa Kumi

Kichupa kimoja, watu kumi.
Ndivyo alivyotwambia Nesi Saumu asubuhi
akikipakata kisanduku cha barafu
kama kichanga kisichotimiza arubaini.
Kikishafunguliwa, saa sita, basi.
Watu wakipungua, kinachobaki kinamwagwa.

Mie kazi yangu kalamu na daftari.
Nakaa mlangoni, kituo cha Kangagani,
kwenye dawati la skuli lililovunjika mguu:
jina, shehia, umri, simu.

Wa kwanza Faki Shaame, anayekwenda Umra.
"Yakhe, niandikie karatasi tu,
hiyo sindano mpige mwengine."
Nesi akacheka, akampandisha mkono wa kanzu:
karatasi inapita hapa, begani.

Kisha mwalimu na mkewe, hawatazamani;
jana usiku mtaa mzima tulisikia nani kashinda.
Kisha Bikombo, aliyeapa kisimani, mbele ya shoga zake,
kuwa yeye katu,
kaja na ushungi umeshuka hadi puani:
"Andika jina la cheti, la nyumbani liache."

Kwenye baraza ya duka la Khatibu
wamekaa waliokuja kutazama.
Mmoja ana sauti kwenye simu, imetumwa kutoka Maskati,
nani anayesema hapo, hajulikani,
lakini anasema kwa kujiamini:
ukichanjwa, kijiko kinanasa mkononi.
Khatibu akatoa kijiko cha kukorogea chai
akamwekea begani kijana aliyetoka ndani.
Kijiko kikaanguka mchangani.
Wakacheka sana, na hakuna aliyenyanyuka.
"Si lazima kinase leo," akasema mmoja. "Mpe wiki."

Sikuwacheka.
Ami yangu Makame alipokata pumzi mwezi wa pili
tulisema kifua.
Msikitini ikatangazwa kifua.
Mtaa ule ule wakafuata watatu:
kifua, kifua, kifua.
Mficha maradhi, methali tunaijua,
tunamwekea jirani.

Saa tano wamefika tisa.
Nesi akasimama kizingitini: "Mmoja tu, jamani."
"Nikimwona Khatibu kaingia, naingia."
"Mie nikimwona imamu."
Na imamu yuko Wete, kwenye khitma.

Ndipo Bikombo, kashikilia pamba begani,
akaja akaegemea dawati langu:
"Na wewe, karani? Uko ukurasa wa ngapi?"

Nimeandika majina mia mbili na kumi na sita.
Mume wangu nilimwambia nishachanjwa kituoni.
Nesi nilimwambia nishachanjwa Wete.
Mimba mbili zimenipita, moja ya miezi mitano,
na ile sauti ya Maskati, kabla ya kijiko,
ilisema jambo kuhusu matumbo ya wanawake.
Nimeisikiliza chooni, mara nne,
sauti nimeipunguza.

Nesi hakunishika mkono.
Alivuta kiti, akakaa, kichupa bado kimefungwa.
"Mkono utauma. Homa, siku moja, mbili.
Hilo la tumbo, waliolitazama hawakuona kitu.
Zaidi ya hapo sijui, Mize,
na nisilolijua sitokupakia asali."

Nje saa ya msikiti, nyuma kwa dakika saba kama siku zote.
Nikageuza daftari upande wangu.
Mwandiko wangu mzuri, kila mtu anausifu;
jina langu mwenyewe likatoka limepinda
kama la mtoto wa darasa la kwanza.
Umri niliandika. Simu niliisahau.

Usiku homa ikaja kweli.
"Si ulisema ulichanjwa zamani?" mume wangu akauliza.
Nikavuta shuka. "Kesho," nikasema, "kesho ntakwambia."

Alfajiri, kabla hajaamka, nikaingia jikoni,
nikachukua kijiko,
nikajiwekea begani, pale panapouma,
nikaziba pumzi.
Kikaanguka.
Nikakiosha, nikakorogea chai,
vikombe viwili.