Rundo Gani, Mama?

Jumanne ni Isevya. Natoka kungali giza,
gurudumu la kushoto la toroli linalia,
hiyo ndiyo honi yangu.
Wanaonijua hunitolea viroba mlangoni.
Wasionijua hufunga mbwa, au humfungulia.

Nimejifunza nyumba kwa masalia yake.
Kwa mwalimu Kasele: madaftari, kalamu zilizokauka,
na chupa ndogo za bapa zilizoviringishwa gazeti
ili mtu asizione. Mimi ndiye ninayeviringua.
Kwa Mama Gaudensia makopo yameoshwa, yamepanguswa,
hadi naionea haya mikono yangu.
Na yule wa geti la bluu, basi tena:
majivu yenye moto bado, miiba ya migebuka,
nepi, balbu iliyopasuka,
vyote mfuko mmoja.
"Tupa tu," ananiambia.

Tupa ni wapi, baba?
Nimezunguka Ng'ambo, Kanyenye, Kiloleni,
mpaka kule reli inapopinda,
kituo hicho sijakiona.

Saa nne namwaga juu ya turubai, nyuma ya nyumba.
Hapo vidole ndivyo vyenye macho.
Plastiki laini hunong'ona, ngumu hugonga.
Chuma hukamatwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu;
alumini huikataa, na hulipwa zaidi kwa ukaidi huo.
Kioo cheupe huku, cha kijani kule,
vifuniko ndani ya ndoo,
maana mnunuzi anataka chupa zimevua kofia
kama wanaume wanaoingia kanisani.

Zilizobeba asali nazijua kwa nyuki.
Wanatangulia kabla sijafungua kiroba,
wanachagua, hawakosei hata moja.
Nawaachia walambe kwanza.
Nani mwingine angenisaidia bila kudai posho?

Leo Kalunde kashika boksi la maziwa.
"Hili rundo gani, mama?"

Nje karatasi, ndani plastiki,
katikati bati jembamba kama ganda la kitunguu.
Niliwahi kuliloweka siku mbili,
nikakwangua kwa kijiko, nikabembeleza,
nikawa kama mjumbe anayeamua ugomvi wa ndoa,
ila hawa hawakuwa na ugomvi.
Wameshikana tu.
Mkonongo, mwenye mizani isahauyo gramu zangu,
akiliona hulirusha pembeni:
"Si karatasi, si plastiki, si bati. Rudi nalo kwenu."

Kwetu.
Baba alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge,
mama alishuka na treni kutoka Ujiji
na sanduku moja na kicheko kikubwa.
Siku ya msiba wa baba shangazi alinisimamisha mlangoni,
jamvi hili wenyewe, jamvi lile wageni,
akaniangalia, akaangalia majamvi,
mwishowe akanituma kuni.

Sikumwambia Kalunde hayo. Nilisema,
"Weka pale na wenzake."

Wenzake ni arobaini na moja, chini ya dirisha.
Mtoto ameyakata midomo, ametia udongo,
kila asubuhi anayachungulia kama mwenye duka.
Moja lina mchicha.
Mengine bado hayana kitu.

Kesho ni Cheyo. Gurudumu linataka grisi.