Alama Tisini na Sita

Nimepiga magoti kwenye kokoto za Biella,
tochi mdomoni, sumaku mkononi,
na Bwana Vercellone amesimama juu yangu
kama mzazi nje ya chumba cha upasuaji.

Lancia ya hamsini na tatu, kijivu cha njiwa.
Kizuri chajiuza, husema watu.
Hiki hakijiuzi. Kinajitetea.

Namba ya chasi imegongwa kwa mkono,
ile saba imepinda mguu kidogo: sawa.
Skrubu za taa, sawa.
Nabisha mlango kwa ukucha, unaitika chuma,
si unga wa lipu.
Naingiza kichwa, nanusa. Ngozi ya viti
inanuka duka.
Namkata alama mbili, naye anakohoa.

Kisha madigadi ya nyuma, kushoto.

Gari hili nalijua.
Lilikuwa la daktari wa mifugo, bondeni kwetu.
Mwaka wa sitini na mmoja fahali alilipiga pembe,
na fundi Graglia, hana bati, hana lira,
akaziba tundu kwa debe la mafuta ya zeituni.
Rangi ilipobabuka chini yake tulisoma
nusu ya neno, na mkia wa tausi.
Likipita shuleni tulilikimbilia: Tausi! Tausi!
Daktari alipiga honi mara mbili.
Mara mbili, kila siku, hata siku alipotoka
kumchoma sindano ya mwisho punda wetu.

"Kile kiraka?"
"Tulikitoa," asema, kifua mbele.
"Sasa liko kama siku lilipotoka kiwandani."
"Mlikitupa?"
"Kipo gereji. Kijana hukitumia kukorogea rangi."

Siku lilipotoka kiwandani.
Na zile siku elfu ishirini na kitu zilizofuata,
zote ni kutu, zipigwe msasa?

Fomu yangu ina safu ya *sahihi*.
Safu ya *kweli* haina,
na mimi ndiye niliyeiandika fomu hii,
miaka kumi na tisa iliyopita,
nikiwa na hakika na kila kitu.

Najaza: tisini na sita. Kikombe ni chake.
Sijadanganya popote.

Goti langu la kulia ni la titani,
la kushoto bado la mama.
Nayainua yote mawili kwa taabu,
nikishika madigadi yale kunyanyukia:
laini, baridi,
hayanijui.