Maiki Nne

Nina maiki nne, na vya kugongwa ni vinane
ukihesabu na matoazi. Hesabu inakataa.
Nimekaa nayo tangu asubuhi
katika chumba hiki juu ya duka la mbolea, Kibuye,
magodoro matatu yameegemea ukuta,
feni nimeizima, jasho lipite litakako.

Apondi anakaza ngozi, sikio ameliinamisha
kama mkunga kwenye tumbo la mtu.
Kumbe ni wa mashoto. Hakuniambia.
Stendi zangu zote zinamngoja mtu wa kulia.
"Usijali, Ogweno," asema, akivuta dramu upande wa pili,
"nimezoea kuhamisha vitu vya watu."

Ya kwanza ni hii nzito, wavu umebonyea.
Imekula matanga miaka tisa.
Ahero, Seme, Katito, imeshikwa na wakwe na machifu
na mjane mmoja wa Awasi ambaye hakutamka neno,
alipumua tu ndani yake
na watu mia tatu wakaacha kutafuna.
Inayojua kubeba pumzi ndiyo ninayoilaza
ndani ya dramu ya mguu, juu ya blanketi kuukuu,
vidole vinne kutoka pale kinyundo kinapotua.
Nikiisogeza zaidi, nasikia mlango ukibishwa.
Nikiitoa, nasikia mtu akishuka ngazi.
Nautaka ule wakati wa katikati:
mgeni amefika, hajabisha.

Ya pili ina alama za meno za Pasta Wasonga.
Hiyo kelele haijawahi kuiogofya.
Naipa dramu ya nyaya, ile ndogo yenye hasira,
naiinamisha pembeni kama yangeyange anayenyemelea chura.
Shingo ya stendi ilivunjika Disemba;
nimeifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli
na inashika kuliko ilivyonunuliwa.

Zilizobaki ni pacha, nyembamba, si zangu.
Khalayi wa Luanda aliniazima, nikamwachia jenereta.
Hizi zinakaa juu, zitazame chini kwenye yote.
Napima kwa ukanda wa leso:
kutoka dramu ya nyaya hadi huku,
kutoka dramu ya nyaya hadi kule,
sawasawa, fundo kwa fundo.
Zikipishana hata upana wa kiganja
zitakuwa mume na mke wanaosimulia kisa kimoja,
huyu akipanda yule anashuka,
na katikati ya kisa, dramu yenyewe inapotea.

Tomu hazina maiki. Hai-hati haina.
Zitaokota makombo hewani, kama sisi wengine.

Navaa spika za masikio. "Piga."
Anapiga. Na huko nyuma ya matoazi:
pang. Pang.
Mukhwana, chini, anakunja bati la majiko.
Magodoro hayajui kazi yao.
Nasimamisha. Tunaanza. Pang.
Nasimamisha.
Mara ya tatu nashuka na mia mbili mkononi.
Anaitazama noti, halafu ananitazama.
"Nina majiko kumi na mawili ya kesho," asema.
"Mia tano nitapumzika. Mia mbili nitagonga polepole."
Nikarudisha noti mfukoni. Ilikuwa ya unga.

Napanda ngazi, na tayari anacheza,
macho amefumba, peke yake,
mwendo ameupunguza, ameushusha
hadi mguu wake ukakutana na nyundo ya chini,
na mkono wa kushoto ukapita katikati yao
kama mtoto kati ya watu wazima wanaozungumza.
Sikusema neno. Nilibonyeza kile kitufe chekundu
na kukaa sakafuni, kwa sababu kiti kinalia.

Ukiisikiliza leo, nenda dakika ya tatu.
Kuna shimo pale. Apondi anaendelea,
lakini kitu kimeondoka chini yake na yeye anajua,
unamsikia akilizunguka shimo, akingoja.
Watu huniuliza nilikata nini.
Sikukata.
Mukhwana alikuwa ameletewa chai.